Bolti Imekaza au Bado? Dalili, Vyanzo na Tiba kwa Anayefunga bila Toki Renchi

Matatizo yaliyomo humu ni yale yanayorudi kila msimu kwenye vibanda vya mafundi, kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea: bodaboda inayodondosha bolti kwenye barabara za vumbi, mashine ya kupulizia salfa iliyokufa thredi (mistari ya kuzunguka ya bolti na tundu lake), mashine ya boti iliyogandishwa na chumvi. Mara nyingi bolti yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye namna ilivyofungwa.

Bolti iliyokazwa ni springi. Inavutika kidogo sana, na kule kuvutika ndiko kunakovibana vyuma viwili pamoja. Mkono hauwezi kuhisi mvutiko huo. Unachohisi kwenye spana ni msuguano, na msuguano unakula takriban asilimia 90 ya nguvu unayoweka: karibu nusu inaishia chini ya kichwa, nyingine kwenye thredi. Asilimia kama 10 tu ndiyo inayovuta bolti. Kwa hiyo bolti yenye kutu na mchanga itakuambia "nimekaza" ikiwa bado haijabana kitu, na bolti iliyochovywa kwenye oili itakatika huku mkono ukisema "bado kidogo".

Kwanza pima mkono wako

Anayefunga kwa mkono, bila toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), anahitaji kujua nguvu ya kila saizi inavyohisika. Hizi ndizo namba za kuanzia (M ni unene wa bolti kwa milimita; Nm ni nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha):

M5 (spana 8): Nm 5
M6 (spana 10, wakati mwingine 8): Nm 10
M8 (spana 12 au 13): Nm 22 hadi 25
M10 (spana 14, 16 au 17): Nm 35 hadi 50
M12 (spana 17, 18 au 19): Nm 55 hadi 85

Namba ya chini ni ya pikipiki na ya bolti inayoingia kwenye aluminiamu. Ya juu ni ya bolti yenye alama 8.8 kichwani, chuma kwa chuma. Kitabu cha mashine kikisema vingine, kitabu ndicho kinachofuatwa.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na dumu halikosekani. Chukua kipini cha soketi cha nusu inchi, pima sentimita 25 kutoka katikati ya soketi, weka alama, kisha ning'iniza dumu hapo kwa kamba huku kipini kikiwa kimelala sawa na ardhi. Lita 4 zinakupa karibu Nm 10. Lita 9 zinakupa Nm 22. Lita 20 zinakaribia Nm 50. Dumu la lita 20 lililojaa, likining'inizwa sentimita 50 kutoka katikati, linatoa takriban Nm 100. Liachie taratibu lishuke lenyewe. Ukilibembeza au ukilidondosha, namba hizo hazina maana.

Fanya hivi kwenye bolti chakavu iliyobanwa kwenye vaisi. Weka alama ya rangi pale kichwa kiliposimama, fungua, kisha funga tena kwa mkono mtupu na uone umefika wapi. Wengi hugundua kwamba M6 wanaikaza mara mbili ya inavyotakiwa, na M12 wanaiacha legelege. Mizani ya ndoano ya wauza samaki inafanya kazi hiyohiyo: ifunge kwenye alama ya sentimita 25, vuta kwa pembe mraba, soma kilo. Kilo 9 ni M8 ya pikipiki.

Ukishaizoea nguvu hiyo, chagua sehemu ya mwili kwa saizi. M5 inakazwa kwa vidole, ukiishika spana karibu na kichwa chake. M6 ni kazi ya kifundo cha mkono, M8 ya kiwiko, M10 ya bega. Spana fupi imetengenezwa fupi kwa makusudi, na kuiongezea bomba ndiko kunakoua bolti nyingi kuliko kutu. Spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo) iweke kando kabisa wakati wa kukaza. Inacheza, na mkono unashindwa kutofautisha bolti inayozunguka na spana inayoteleza.

Dalili: bolti inalegea yenyewe baada ya siku chache

Hii ndiyo inayolalamikiwa zaidi, hasa bolti za ekzosi, za kifuniko cha cheni na za keria ya bodaboda inayobeba magunia ya korosho.

Chanzo cha kwanza ni uchafu kati ya vyuma viwili. Rangi nene, vumbi jekundu, gasketi kuukuu, au unga wa salfa ulioshikana na unyevu: vyote vinabanwa, kisha vinasagika kwa mtikisiko. Vikisagika hata sehemu ya kumi ya milimita, bolti fupi imepoteza mvuto wake wote. Fungua, kwangua hadi uone chuma, pangusa, funga upya. Usianze kwa kuongeza nguvu.

Cha pili ni kufunga mara moja bila kurudia. Gasketi mpya na mpira hukaa chini baada ya kupata joto. Washa injini hadi ipate moto, izime, subiri ipoe kabisa, ndipo urudie kukagua.

Cha tatu, mpangilio. Ukikaza bolti ya kwanza hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine, ya kwanza hulegea mara ya pili inapokazwa. Gusisha zote kwa vidole, kisha kaza kwa msalaba katika raundi mbili au tatu.

Cha nne, nati ya nailoni iliyochoka. Ukiweza kuizungusha kwa vidole hadi mwisho wa bolti, hiyo imebaki nati ya kawaida, tupa. Springi wosha iliyolala bapa nayo haina kazi, na hata ikiwa mpya haiwezi kuiokoa bolti ambayo haikukazwa vya kutosha.

Ukimaliza hayo yote na bado inalegea, tumia gundi ya thredi ya bluu, tone moja kwenye thredi zilizosafishwa kwa petroli na kukauka. Nyekundu iache: kuifungua kunahitaji moto. Ekzosi haitaki gundi kabisa, joto linaiunguza. Weka nati ya chuma ya kujifunga badala yake.

Namna ya kujua bila kubahatisha: piga mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kinachobanwa. Baada ya safari ya siku mbili, tazama. Mstari ukikatika, bolti imezunguka. Mstari ukiwa mzima lakini bolti imelegea, vilivyobanwa ndivyo vilivyokaa chini, na hapo unarudi kwenye uchafu na gasketi.

Dalili: spana ilikuwa nzito, ghafla imekuwa laini

Acha. Toa mkono kwenye spana kabla hujasoma zaidi.

Bolti nzima ina hatua tatu. Inazunguka bure, kichwa kinagusa, kisha uzito unapanda haraka na kwa usawa. Kwenye M8 fupi inayobana chuma juu ya chuma, kutoka kugusa hadi kukaza sawasawa ni kama digrii 30 tu, kadiri mshale wa dakika unavyotoka 12 kwenda 1. Ukizungusha robo mzunguko na uzito haupandi, kuna kitu kinakubali kuliwa.

Kwenye aluminiamu, kinacholiwa mara nyingi ni thredi za kwenye tundu. Fungua bolti taratibu na uitazame: ukiona nyuzinyuzi za rangi ya fedha zimejiviringisha kwenye thredi zake, hizo ni thredi za injini zinatoka nazo. Chanzo cha kawaida ni nguvu iliyozidi, kikifuatiwa na bolti fupi. Kwenye aluminiamu bolti inapaswa kuingia angalau mara moja na nusu ya unene wake, ikiwezekana mara mbili. M6 iingie milimita 9 hadi 12. Bolti ya M6 iliyoshika milimita 5 tu itavua thredi hata kwa mkono mwangalifu.

Kama ni bolti na nati za chuma, huenda bolti yenyewe imevutika kupita kiasi. Ilaze kando ya mpya, thredi kwa thredi, uzielekeze kwenye mwanga. Zikiachana mahali fulani, au ukiona shingo imekonda, imekwisha hata kama haijakatika. Usiirudishe mahali popote, hata kwenye keria.

Kuna laini isiyo na kosa, na inawatisha wengi bure. Plagi mpya ya injini ina wosha ya kupondeka: ikishagusa kwa vidole, unaizungusha karibu nusu mzunguko, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni laini kabla ya kushika. Plagi iliyokwisha kutumika, wosha yake imepondeka tayari. Hiyo inataka kipande kidogo tu, kama sehemu ya 12 ya mzunguko. Anayeipa plagi kuukuu nusu mzunguko ndiye anayempelekea fundi hedi (kichwa cha injini) yenye tundu bovu. Wosha mpya ya kizibo cha kumwagia oili nayo huanza laini ikaishia ngumu. Tofauti ni kwamba wosha inalainika mwanzoni, kisha inashika. Thredi inayokufa inashika kwanza, kisha inalainika.

Tiba ya tundu lililokufa: kama lina kina zaidi, bolti ndefu inayofikia thredi ambazo hazijaguswa inatosha. Likiwa halina, tundu linatobolewa, linapigwa tapu (kifaa cha kuchonga thredi), kisha linawekwa springi ya thredi ya saizi ileile ya zamani. Kwenye kifuniko cha pembeni mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kujaribu. Kwenye tundu la plagi, hedi au kizibo cha oili, mpelekee fundi wa leithi (mashine ya kukereza chuma). Tundu likienda upande, hakuna namna ya kulirudisha.

Dalili: bolti imegoma mapema, kichwa hakijagusa

Anza kwa kuitoa yote na kuingiza tena kwa vidole. Izungushe kwanza kinyumenyume hadi usikie "tik" ndogo thredi zinapokaana, ndipo uende mbele. Ikipita mizunguko mitatu au minne kwa vidole, imeingia sawa. Ikigoma ndani ya mzunguko mmoja, imeingia upande, na spana itaisukuma tu iharibu zaidi.

Kama inaingia vizuri kisha inagota, tafuta uchafu ndani ya tundu. Kwenye mashine za salfa tundu linajaa unga ulioganda. Lisafishe kwa njiti na upepo wa pampu, macho yakiwa yamekingwa.

Tatizo la tatu ni bolti ya dukani isiyolingana. Pikipiki nyingi za asili ya Asia zinatumia M10 ya hatua 1.25 (umbali wa milimita kati ya thredi moja na nyingine), wakati M10 ya duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida ni 1.5. Zote zinaitwa "bolti ya kumi", zote zinaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha "zinakaza". Zilinganishe thredi kwa thredi kabla hujalipa. M8 inaleta shida kidogo zaidi kuigundua: ya inchi 5 kwa 16 inakaribiana nayo sana kwa unene.

Bolti ndefu kupita kina cha tundu nayo inakaza vizuri kabisa kwenye mkono, ila imesimama chini ya tundu na haijabana kitu. Pima kina kwa njiti ya kiberiti. Kama wosha chini ya kichwa inazunguka kwa ukucha baada ya kukaza, hilo ndilo lililotokea.

Hatari yake iko kwenye oili. Tundu lisilotoboka likijaa oili, bolti inakuwa pistoni, na oili haibanwi. Unasikia uzito mzito wenye kuruka kidogo, kisha kasha la injini linapasuka. Nyonya oili yote kwa kitambaa kabla ya kufunga.

Dalili: inalia na kuruka unapokaza

Kilio maana yake thredi kavu au zenye kutu. Bolti inanata na kuachia. Nguvu unayohisi wakati huo ni ya uongo. Fungua, piga brashi ya waya, weka tone moja la oili kwenye thredi na chini ya kichwa, kisha punguza nguvu kwa karibu robo ya uliyoizoea kwenye bolti kavu. Kupaka oili na kukaza kwa nguvu ileile ni kosa la watu waangalifu, na linakata bolti.

Chuma kisichoshika kutu, kwa nati ya aina hiyohiyo, kina tabia yake: kinaumana. Kikianza kuwa na joto na kizito, usilazimishe. Rudi nyuma, paka grisi, zungusha polepole. Kikishaumana kweli hakuna wa kukitenganisha ila msumeno.

Dalili: oili inavuja ingawa bolti zote zimekazwa

Mtu wa kawaida anaongeza nguvu, na uvujaji unaongezeka. Kwenye kifuniko chembamba, bolti zilizozidishwa zinavuta chuma chini pale zilipo na kukiinua katikati. Toa kifuniko, kilaze juu ya kioo bapa, kisukumesukume kwenye pembe. Kikibembea, kimepinda. Kilichopinda kidogo kinasuguliwa kwa msasa namba 400 uliolazwa juu ya kioo, kwa duara, hadi kiguse kote. Weka gasketi mpya na ukaze M6 zake kwa Nm 10, kwa msalaba.

Kizibo cha kumwagia oili kinavuja kwa sababu wosha haikubadilishwa. Nunua wosha, ni rahisi kuliko kasha la injini. Kama kilivuja ukakikaza na bado kinavuja, usikaze mara ya tatu.

Dalili: haifunguki, au kichwa kimekatika

Ukanda wa pwani, kutoka Msimbati hadi Kilwa, chumvi inafanya kazi hata usiku. Bolti ya chuma ndani ya aluminiamu ya mashine ya boti inatoa unga mweupe unaovimba na kuibana kuliko spana yoyote. Siku ya kukaza ndiyo siku ya kuzuia: grisi isiyooshwa na maji kwenye thredi, na suuza mashine kwa maji baridi baada ya bahari.

Ikigoma: tumia soketi ya pembe sita au ringi, si spana ya mdomo. Weka mafuta ya kupenya, gonga kichwa kwa nyundo mara kadhaa, acha ilale hadi kesho, rudia. Jaribu kwanza kuikaza kidogo sana; mwendo mdogo wowote unavunja unga ule. Kisha fungua, rudi, fungua, rudi. Ikianza kuzunguka kama mpira bila sauti, kichwa kinajikunja kutoka kwenye shina. Simama hapo.

Moto unasaidia kwa sababu aluminiamu inatanuka zaidi ya chuma. Lakini usiwashe moto karibu na tangi au kabureta, na kamwe usiwashe kwenye mashine yenye mabaki ya salfa: salfa inawaka, na moshi wake unachoma mapafu. Ioshe yote kwanza, au iache.

Kichwa kikikatika huku kipande kikibaki nje milimita 5 au zaidi, kibane kwa koleo la kujifunga baada ya kulowesha. Kikikatika usawa wa chuma, ni kazi ya fundi mwenye drili ya kusimama. Drili ya mkono huteleza kutoka kwenye chuma kigumu na kuingia kwenye aluminiamu laini iliyo pembeni.

Dalili: tairi la gari linagonga au nati zake zinalegea

Kagua kwanza kama rimu ilikaa bapa kwenye habu (kitovu kinachoshika rimu), bila kutu wala tope katikati. Angalia upande wa nati: ile yenye mteremko inatazama rimu. Kaza kwa nyota tairi likiwa limeinuliwa, malizia likiwa chini. Gari ndogo nyingi zenye stadi (bolti zisizo na kichwa zinazotokeza kwenye habu) za M12 zinataka takriban Nm 100, na hapo ndipo dumu la lita 20 kwenye sentimita 50 linapokuwa kipimo halisi. Usipake oili kwenye stadi. Usisimame juu ya spana: kilo 70 kwenye mwisho wa nusu mita ni zaidi ya Nm 340.

Kagua tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukitoka Mtwara mjini kwenda Lindi, Mingoyo ni mahali pazuri pa kusimama. Stadi moja ikikatika, zilizo jirani nazo zimebeba mzigo wake. Usiendelee na safari kwa zilizobaki.

Pasipo pa mkono

Bolti za hedi, za koneksheni rodi, za kalipa ya breki, za usukani, na zile za kukazwa kwa digrii ambazo hutumika mara moja tu, hazikazwi kwa kuhisi, hata na mwenye mkono wa miaka 20. Hedi ya pikipiki ikikazwa pande zisizolingana kwa tofauti ndogo tu inapuliza gasketi. Tafuta karakana yenye toki renchi. Kwenye vyuo vya VETA, Mtwara na Lindi, unaweza kuulizia. Unapokwenda, beba bolti iliyokatika, moja ya zilizobaki nzima, na wosha zake zote, kisha mwambie fundi kama ulipaka oili, gundi au hukupaka kitu.